Mshale wa oili unalala gari likipata moto: pima kwanza, kushusha injini baadaye

Swali: Nina Hilux ya 1994, 4x4 ya dizeli, injini aina ya 3L (ni jina la injini, si lita). Asubuhi nikiwasha, mshale wa presha ya oili unapanda kupita nusu. Nikishatembea kama nusu saa halafu nikasimama, injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) mshale unalala karibu kabisa na L. Nikikanyaga mafuta unapanda, ila haufiki ulipokuwa asubuhi. Nilitoa oili ya 15W-40 nikaweka SAE 40 iwe nzito, sijaona tofauti. Fundi mmoja anasema pampu ya oili imechoka, mwingine anasema beringi zimekwisha nishushe injini. Nianzie wapi? (Msomaji, Makambako)

Jibu: Anza na geji ya mkono, yaani kipimo cha presha kinachofungwa kwenye injini yenyewe. Mafundi wako wote wawili wanaweza kuwa sahihi, na wote wawili wanaweza kuwa wamekosea, maana hadi sasa hakuna aliyepima presha ya injini. Walichosoma ni mshale wa dashibodi, na kati ya mshale huo na oili kuna sensa, waya, plagi na saa yenyewe, vyote vikiwa na umri wa miaka 30. Kushusha injini kwa ushahidi wa mshale huo ni kucheza bahati nasibu kwa fedha nyingi.

Kuna namba mbili unazopaswa kuzijua kabla ya kumlipa mtu yeyote. Kwa injini za familia hii, 3L ikishapata moto na ikiwa sailensa, Toyota wanataka presha isipungue 0.3 kg/cm², yaani psi 4.3. Hujakosea kusoma: nne nukta tatu. Ikizunguka mara 3000 kwa dakika, isipungue 2.5 kg/cm², karibu psi 36. Kwa hiyo mshale kulala karibu na L injini ikiwa moto na haijakanyagwa si ushahidi wa ugonjwa. Hilux nyingi nzima ziko hivyo. Swali la maana ni presha inakuwa kiasi gani kwenye 3000 ikiwa moto, na hilo dashibodi yako haiwezi kulijibu kwa namba.

Kwa nini inashuka ikipata moto

Pampu ya oili haitengenezi presha, inasukuma oili tu. Presha inatokea kwa sababu oili inalazimishwa kupita kwenye nafasi nyembamba: kati ya beringi na krenki (shafti kuu ya injini), kwenye konrodi (mikono ya pistoni), na juu kwenye kemshafti (shafti inayofungua valvu). Fikiria bomba la maji la mtaa. Nyumba mbili zikifungua koki, maji yanaruka. Mtaa mzima ukifungua, yanachuruzika, ingawa mtambo wa kusukuma ni uleule. Beringi iliyolika ni koki iliyofunguliwa zaidi. Oili ya moto nayo ni nyepesi, inapita kwa urahisi, hivyo uchakavu ambao asubuhi ulifichwa na oili nzito ya baridi unajitokeza mchana. Huko kwenu Makambako asubuhi ni baridi kweli, kwa hiyo tofauti unayoiona ni kubwa kuliko ambayo mwenye gari kama lako Tanga angeiona.

Hapo ndipo penye jibu la SAE 40 yako. Namba ya pili ya 15W-40 inaeleza uzito wa oili kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, na SAE 40 inapimwa kwa kiwango hichohicho: kati ya 12.5 na 16.3 cSt (kipimo cha uzito wa oili). Zikiwa moto, oili hizi mbili ziko daraja moja. Tofauti iko kwenye baridi, ambako SAE 40 ni nzito zaidi na inachelewa kufika juu kwenye hedi. Yaani hukuongeza kitu mchana, na umeinyima injini oili katika sekunde za kwanza za asubuhi. Rudi kwenye 15W-40 ya dizeli, yenye daraja la API (alama ya ubora iliyoandikwa kwenye dumu) linaloanza na herufi C, mfano CF-4 au CI-4, kwenye dumu ambalo mfuniko wake haujafunguliwa.

Dakika kumi za bure kabla ya geji

Simamisha gari mahali tambarare, zima, subiri dakika tano, soma dipstiki. Injini hii inachukua karibu lita 6 pamoja na filta, lakini dipstiki ndiyo ya kuaminiwa. Ikiwa oili imepungua, mshale utayumba kwenye kona na ukifunga breki, kwa sababu pampu inanyonya hewa. Pampu ya vakyumu ya breki kwenye injini hii iko nyuma ya alteneta na inapelekewa oili kwa paipu yake. Angalia huko kabla hujalaumu ringi za pistoni kwa oili inayopotea.

Hatari zaidi ni oili iliyo*ongezeka* bila kuongezwa. Vuta dipstiki, nusa, sugua kwenye vidole. Ikinuka dizeli na kuteleza kama maji, dizeli imeingia kwenye sampu (beseni la oili chini ya injini) na imeifanya oili kuwa nyepesi. Kwenye injini ambazo pampu ya dizeli inaendeshwa kwa gia, sili ya shafti yake ikifa dizeli huingia ndani ya injini. Kwenye 3L pampu inaendeshwa na mkanda wa taimingi, kwa hiyo sili ikifa dizeli humwagika nje, kwenye kava ya mkanda. Kwa hiyo dizeli ikiwa kwenye sampu ya 3L, mshukiwa wa kwanza ni nozeli inayotiririsha badala ya kupuliza ukungu. Toa nozeli zote nne zikapimwe kwenye mashine, kisha mwaga oili yote. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, ni maji, na kwa familia hii ya injini hedi iliyopasuka si jambo geni. Ukikuta hivyo usiendelee kutembea, maji hula beringi haraka. Weusi peke yake usikutishe. Oili ya dizeli huwa nyeusi ndani ya siku chache.

Kisha waya. Sensa ya mshale ina waya mmoja na imefungwa kwenye bloku. Washa swichi bila kuwasha injini, chomoa waya huo: mshale unapaswa kulala chini kabisa. Sasa unganisha waya huo na ethi (bodi ya gari) kupitia balbu ndogo ya V 12, W 3.4. Balbu iwake na mshale upande. Usiguse bodi moja kwa moja bila balbu, unaweza kuichoma saa. Mshale ukipanda vizuri, waya na saa ni vizima, na kinachobaki ni sensa au presha yenyewe. Usipopanda, umepata kosa lako na halihusiani na injini.

Mtu atakushauri ununue sensa mpya uone. Si ushauri mbaya, sensa si ghali, lakini sensa mpya za bei ya chini nazo hudanganya. Ukitumia fedha, tumia kwenye geji.

Kupima kwa geji

Unahitaji geji ya mshale ya psi 0 hadi 100 (au ba 0 hadi 7), mpira wake wa presha, na kiunganishi cha uzi wa 1/8 BSPT. Hapa watu wengi huharibu bloku. Geji nyingi za sanduku zinakuja na uzi wa 1/8 NPT, ambao una nyuzi 27 kwa inchi, wakati wa Toyota una 28. Unaingia mizunguko miwili, unabana, fundi anaongeza nguvu, uzi wa kwenye bloku unakufa. Nenda na sensa yako ya zamani dukani, Gerezani jijini Dar es Salaam au popote mnaponunulia spea, na ujaribu kiunganishi kwenye kipande cha mfano kabla ya kulipa. Funga tepu ya uzi mizunguko miwili, ukiacha wazi nyuzi mbili za mwanzo ili vipande vyake visiingie kwenye njia ya oili. Uzi huu ni wa mshazari, unajibana wenyewe. Mpira uupitishe mbali na bomba la kutolea moshi.

Chukua namba nne. Ya kwanza: injini ikiwa baridi kabisa, hesabu sekunde kuanzia ilipowaka hadi geji ilipopanda. Ya pili: presha ya sailensa ikiwa baridi. Halafu endesha dakika 20 barabarani, si kuiacha inguruma uwanjani, maana oili huchelewa kupata moto kuliko maji. Ukirudi, chukua ya tatu, sailensa ikiwa moto, na ya nne, 3000 ikiwa moto. Hilux nyingi hazina saa ya mizunguko. Kipima mizunguko cha mwanga chenye kijikaratasi kinachong'aa kwenye puli ya krenki kinatosha. Kitumie pia kuhakikisha sailensa iko kati ya 700 na 800. Ikiwa mtu aliishusha hadi 550 gari litulie, umepata nusu ya jibu kwa kugeuza skrubu moja.

Ukipata psi 8 moto kwenye sailensa na 45 kwenye 3000, injini yako ni nzima kwa umri wake. Badilisha sensa, funga boneti. Hata 5 na 38 iko ndani ya kitabu, ingawa pembeni. Hapo 20W-50 ya dizeli ni uamuzi halali, kwa sababu ikiwa moto iko daraja la juu zaidi, 16.3 cSt na kuendelea. Hakikisha tu ina herufi C. 20W-50 iliyotengenezwa kwa petroli peke yake haibebi masizi ya dizeli ipasavyo. Zile chupa za kuongeza uzito wa oili ziache. Zinapandisha mshale na kuficha kipimo ulichokuwa unakihitaji.

Ukipata chini ya 36 kwenye 3000, tabia ya geji ndiyo inayokuonyesha pa kufungua. Presha nzuri ikiwa baridi, ikashuka taratibu kadiri joto linavyopanda na kubaki chini kwenye sailensa na kwenye 3000, ni nafasi za beringi zilizopanuka, au pampu iliyolika, au vyote viwili. Presha ndogo tangu asubuhi injini ikiwa baridi inaelekeza kwenye valvu ya kupunguzia presha iliyokwama wazi, au pampu. Inayopanda hadi 2000 halafu ikaanza *kushuka* unavyozidi kukanyaga ni chujio la kunyonyea lililoziba ndani ya sampu: pampu inaomba oili zaidi ya inayopita. Na ile inayochelewa sekunde tano au zaidi asubuhi, kisha ikawa nzuri siku nzima, mara nyingi ni filta isiyo na valvu nzuri ya kuzuia oili kurudi chini. Badilisha filta kwanza, ni kazi ya dakika kumi.

Injini ikianza kugonga kwa sauti nzito ukikanyaga, au geji ya mkono ikasoma sifuri, zima hapohapo. Hakuna "nifike tu gereji". Kilomita chache ndizo zinazotenganisha seti ya beringi na krenki ya kuchongwa.

Ukilazimika kufungua, fungua sampu, si injini

Kata filta ya zamani kwanza. Usitumie msumeno, unga wake utakuchanganya; tumia kisu cha kopo au mkasi wa bati. Tandua karatasi, ioshe kwa petroli kwenye sinia jeupe, pitisha sumaku. Vumbi linalong'aa ambalo sumaku hailigusi ni madini ya beringi. Linaloshikwa ni chuma cha gia, krenki au kemshafti. Vumbi kidogo kwa injini yenye kilomita nyingi ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa ukucha si kawaida.

Kushusha sampu kwenye 4x4 ya ekseli ngumu kuna usumbufu mmoja: difu ya mbele iko chini yake. Inua chasi kwa jeki, weka stendi, acha ekseli ining'inie, na mara nyingi nafasi inapatikana bila kugusa injini.

Sampu ikitoka, angalia chujio la kunyonyea kabla ya kitu kingine. Kwa gari lililopita mikononi mwa mafundi wengi, ningeweka dau hapa kuliko kwenye pampu. Sampu ya injini hii inafungwa kwa silikoni, na fundi anayeipaka nene akidhani nyingi ndiyo bora huacha mkia wa silikoni ndani. Mkia ule hukatika, oili inaupeleka kwenye chujio, unakaa juu ya wavu kama utando. Sailensa haionyeshi kitu. Ukiomba oili nyingi, inakwama. Osha wavu, angalia na gasketi ya mkono wa chujio. Ikiwa imekauka au boliti zimelegea, pampu inanyonya hewa hapo.

Ukishakuwa hapo chini, fungua kofia moja ya konrodi na moja ya meni beringi. Beringi nzima ni ya kijivu iliyofifia. Rangi ya shaba ikionekana, tabaka la juu limekwisha. Usiishie kwenye macho: weka uzi wa plastigeji (uzi laini wa plastiki unaobonyea) juu ya krenki iliyofutwa kavu, funga kofia kwa spana ya torki kwa kipimo cha kitabu cha injini yako, usizungushe krenki, fungua, linganisha upana. Nafasi ya kawaida ni kati ya 0.03 na 0.07 mm hivi, ikifika 0.10 mm, beringi hiyo imemaliza kazi. Weka alama kila kofia na upande wake, hazibadilishani.

Beringi za konrodi unaweza kuzibadilisha injini ikiwa kwenye gari, mradi krenki iwe laini. Pitisha ukucha: ukikwama kwenye mikwaruzo, au maikromita ikionyesha krenki imekuwa yai kwa zaidi ya 0.02 mm, beringi mpya za stendadi hazitadumu. Hapo ndipo fundi wako wa pili anakuwa sahihi: krenki itoke, ichongwe, zifungwe beringi za saizi ya 0.25 au 0.50. Lakini sasa unamlipa kwa kitu ulichokipima.

Beringi zikiwa ndani ya kipimo na chujio liko safi, fundi wa kwanza ameshinda. Pampu iko mbele ya injini, kwenye nyumba ya mkanda wa taimingi, inaendeshwa na krenki moja kwa moja. Ina maana mkanda lazima utoke, basi weka mpya pamoja na rola yake hata kama taa ya T-BELT haijawaka. Kabla ya kununua pampu, toa valvu ya kupunguzia presha: inapaswa kuteleza kwenye tundu lake kwa uzito wake ikiwa imepakwa oili. Ikikwama kwa uchafu, osha, ing'arishe, na huenda pampu yako haina kosa. Angalia mikwaruzo kwenye gia na kwenye kifuniko chake. Mfereji unaosikika kwa ukucha unatosha kuikataa. Pampu mpya usiifunge kavu. Ijaze oili, izungushe kwa mkono hadi itoke upande wa pili, ndipo uifunge.

Kurudisha sampu, kwangua silikoni yote ya zamani, futa kwa petroli hadi kavu, paka mstari mmoja wa mm 3 hadi 5 upande wa ndani wa matundu ya boliti, na ufunge ndani ya dakika tano. Mstari ukionekana mwembamba, uache hivyo.

Weka filta iliyojazwa oili, ongeza oili hadi alama ya juu ya dipstiki, chomoa waya wa solenoidi inayokata dizeli kwenye pampu ya nozeli ili injini isiwake, piga stata kwa sekunde 10, pumzika, rudia hadi geji ya mkono ianze kupanda. Rudisha waya, washa, iache sailensa huku ukichungulia chini kama kuna kinachovuja. Halafu chukua namba zilezile nne upya, baridi na moto, na uziandike kwa rangi ndani ya boneti pamoja na tarehe na kilomita, ili fundi atakayekuambia mwakani kwamba pampu imechoka awe na kitu cha kulinganisha nacho. Oili hiyo ya kwanza imwage baada ya kilomita 500 na uikate filta yake tena.